Malakiti iko upande gani?

SWALI: Jambo Mama Mwalimu. Niko mwaka wa tano wa sekondari, seksheni ya kemia na biolojia, nakaa Katuba hapa Lubumbashi. Tulifundishwa kwamba metali ikiungana na kisicho metali inatoka kampaundi ya ioni, na visivyo metali vikiungana vyenyewe inatoka ya kovalenti. Kwenye mtihani niliandika kloridi ya amoniamu ni kovalenti, nikapata sifuri. Tena asidi ya hidrokloriki inapitisha umeme, lakini kitabu kinasema molekuli yake ni kovalenti. Nishike lipi?

JIBU: Jambo mwanangu, na pole kwa ile sifuri. Kanuni uliyofundishwa si ya uongo, na kwa chumvi, maji na sukari haitakuangusha. Shida yake ni kwamba inatazama majina ya elementi, wakati kinachotafutwa ni chembe. Je, ndani ya kitu hicho mna ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, zinazovutana kwa kuwa hii ina chaji chanya na ile hasi, au mna atomi zinazoshirikiana elektroni, ndiyo kovalenti?

Anza jikoni. Tia chumvi kidogo kwenye kijiko cha chuma, sukari kwenye kingine, uviweke juu ya mbabula, jiko letu la makaa, makaa yakiwa mekundu. Sukari itayeyuka upesi, itakuwa kahawia, kisha itaungua. Chumvi italia pa-pa-pa na kubaki nyeupe, maana haiyeyuki mpaka nyuzi 801 za Selsiasi. Molekuli za sukari zimeshikana kwa mvuto hafifu. Katika chumvi, kila ioni ya sodiamu imezungukwa na ioni 6 za kloridi, na kila ya kloridi imezungukwa na 6 za sodiamu. Molekuli ya chumvi haipo humo. NaCl, ile alama ya chumvi, ni uwiano tu: sodiamu moja kwa klorini moja, na hili nalirudia darasani kila mwaka, sitaacha.

Hata hivyo joto lisiwe hakimu peke yake. Kwarzi, ule mchanga mgumu unaong'aa, inayeyuka karibu na nyuzi 1,700, na viungo vyake ni vya kovalenti: vimefungamana kila upande kama wavu mmoja.

Ndipo tunauliza umeme. Chukua betri 4 za tochi, kitaa kidogo cha LED na vipande viwili vya risasi ya penseli. Tumia maji ya mvua, kwani ya bomba yana ioni zake tayari. Maji yenye sukari hayatawasha kitaa, yenye chumvi yatawasha. Fanya dirisha likiwa wazi, kwa dakika chache tu, kwa sababu klorini kidogo inaweza kutoka. Umeme wa ukutani usiuguse kabisa! Kazi hiyohiyo ya ioni inafanyika kwa ukubwa kule kiwanda cha shaba cha Shituru, Likasi: umeme unapitishwa kwenye salfeti ya shaba iliyomumunyika, kila ioni ya shaba inafika kwenye katodi, yaani ncha hasi, inapokea elektroni 2, inakuwa shaba.

Sasa asidi yako. Kloridi ya hidrojeni ikiwa peke yake ni gesi, hidrojeni na klorini zikishirikiana elektroni. Ikiingia majini inatoa protoni yake, yaani ioni ya hidrojeni, kwa maji, na hapo ndipo ioni zinazaliwa. Kitabu kinasema juu ya molekuli kabla ya maji, wewe umepima baada ya maji. Kumbe wote wawili mko sawa. Kwa hiyo kipimo cha kuaminika zaidi ni kukiyeyusha kitu kwa moto, bila maji: chumvi iliyoyeyuka inapitisha umeme, sukari iliyoyeyuka haipitishi.

Alumini ndiyo inayonifurahisha kuliko zote. Floridi yake ni ya ioni, inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 1,200 ndipo igeuke mvuke. Kloridi yake inageuka mvuke kwenye nyuzi 180 tu, na mvuke huo ni molekuli. Metali ni ileile! Mwaka 1932 mkemia Mmarekani Linus Pauling alitoa kipimo cha nguvu ya atomi kuvuta elektroni: alumini 1.61, klorini 3.16, flori 3.98. Toa mwenyewe uone: 1.55 kwa kloridi, 2.37 kwa floridi. Walimu wengi huweka mpaka kati ya kovalenti na ioni kwenye 1.7. Uchukue kama alama ya njia, usiufanye ukuta, kwa kuwa floridi ya hidrojeni ina 1.78 na bado ni molekuli.

Mezani kwangu pana kipande cha malakiti, jiwe la kijani ambalo vijana wa hapa mjini wanatuuzia likiwa limechongwa. Ukilichoma haliyeyuki, linakuwa jeusi: kabonidayoksaidi na maji vimeondoka, imebaki oksidi ya shaba. Liko upande gani? Kati ya ioni za shaba, za kabonati na za hidroksidi, kivutano ni cha chaji. Ndani ya kabonati yenyewe, kaboni na oksijeni zinashirikiana elektroni.

Kloridi ya amoniamu ni hivyohivyo. Siku nyingine andika: ioni ya amoniamu na ioni ya kloridi zimeshikwa na kiungo cha ioni, na ndani ya amoniamu, naitrojeni imeunganishwa na hidrojeni 4 kwa viungo vya kovalenti.