Mtoto wangu alipata degedege, sasa akipata joto kidogo tu silali

SWALI: Asalaam alaykum, shehe. Mwanangu wa miaka miwili alishikwa na homa jioni. Usiku akakakamaa, macho yakageuka juu, akatoa povu mdomoni. Mume wangu yuko safarini. Mama mkwe akasema hiyo ni degedege, si maradhi ya hospitali, na mtoto wa degedege akichomwa sindano hafiki asubuhi. Akafukizwa mavi ya tembo, akafungwa hirizi mkononi, tukawa tunamngoja mwalimu aje na kombe, maji ya aya zilizoandikwa kwa zafarani. Alfajiri nilishindwa kuvumilia, nikambeba kwa bodaboda hadi kituo cha afya. Ikaonekana ni malaria, akachomwa sindano, na alhamdulillahi sasa anacheza. Lakini tangu siku hiyo akipata joto kidogo tu silali, namgusa paji la uso usiku kucha. Wifi yangu anasema huko ni kukosa tawakali, yaani kutomtegemea Allah, na pengine mtoto aliadhibiwa kwa dhambi zangu. Tena siku tatu za wodini sikuswali, nguo zilijaa matapishi. Niongoze.

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu. Nianze na la wifi, maana naona ndilo lililokuchoma.

Soma Suratul Qasas. Mama yake Nabii Musa aliamrishwa amtie mwanawe mtoni, akaahidiwa na Allah mwenyewe, katika aya ya 7, kwamba mtoto atarudishwa kwake. Hakuna mzazi kati yetu aliyepewa dhamana kama hiyo. Pamoja na hayo, aya ya 10 inasema moyo wake ulikuwa mtupu, akakaribia kuidhihirisha siri kwamba ni mwanawe, lau Allah asingeutia nguvu. Hakukemewa kwa hofu ile. Na aya inayofuata inatuambia alichofanya: alimwambia dada yake Musa, "Mfuatie." Aliogopa, akaamini, na papo hapo akatuma mtu afuatilie. Wewe ulipopanda bodaboda alfajiri ile ulifanya kama yeye.

Habari ya adhabu ni maneno mabaya, na wifi yako aombe msamaha. Mtoto hana dhambi, Mtume (s.a.w.) amesema kalamu imeondolewa kwa mtoto mpaka abaleghe, yaani haandikiwi dhambi. Na Allah anasema katika Suratul Israa, aya ya 15, kwamba mbebaji habebi mzigo wa mwingine. Mtume mwenyewe alizika wanawe wote wa kiume wakiwa wadogo: Qasim, Abdullah na Ibrahim. Nani atathubutu kusema walikufa kwa dhambi za baba yao? Alipowekewa mikononi mjukuu wake aliyekuwa akikata roho, macho yake yalitiririka. Sahaba wake Saad bin Ubada akashangaa: "Nini hiki, ewe Mtume wa Allah?" Akamjibu kwamba hiyo ni rehema ambayo Allah ameiweka katika nyoyo za waja wake. Basi na wewe mkono wako kwenye paji la mwanao uite kwa jina hilo.

Sasa degedege yenyewe. Mimi nimezaliwa pwani, najua tunavyoambiwa: kuna dege anampitia mtoto, na sindano inamkasirisha. Simkatai jini, Qur'ani imemtaja. Ninachokataa ni kumsingizia kazi ya mbu. Homa kali ya malaria inaweza kumtetemesha na kumkakamaza mtoto mdogo vilevile ulivyoona. Na sindano ilipataje jina baya? Fikiria: watoto wengi walifikishwa hospitali baada ya siku mbili za mafusho, wakiwa hawajitambui. Wakachomwa, wakafa, na lawama ikabaki kwa sindano. Usimshutumu mama mkwe. Huenda aliyaona hayo kwa macho yake. Mweleze kwa adabu, mtoto akiwa mapajani mwake.

Mtume (s.a.w.) ameamrisha: "Jitibuni, enyi waja wa Allah," kwani hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Kwa hiyo mtoto akikakamaa, akitapika kila kitu, akishindwa kunyonya au akilegea asiamke, ni hospitali saa ileile, hata usiku wa manane. Mlaze ubavu. Usimtie kijiko mdomoni, wala maji, wala kombe. Nalitaja kombe kwa makusudi: aya kwa zafarani wako wanavyuoni walioruhusu, na mimi sikukatazi, lakini mtoto aliye katika degedege akinyweshwa chochote anaweza kupaliwa akafa.

Mavi ya tembo ni najisi katika madhehebu yetu ya Shafii, na hayana faida. Hirizi ivue. Yenye michoro na majina yasiyoeleweka haina mjadala. Iliyoandikwa Qur'ani tupu ina khitilafu tangu zama za masahaba, nami nafuata waliokataza. Badala yake msomee kila usiku dua ambayo Mtume alikuwa akiwakinga nayo wajukuu wake Hassan na Hussein, akisema baba yenu Ibrahim aliwakinga nayo Ismail na Is-haka: "Uidhuka bikalimatillahi taammah, min kulli shaytaanin wa haammah, wa min kulli aynin laammah." Isome njiani pia, ukiwa juu ya bodaboda. Dua haisubiri foleni.

Swala ulizoacha zilipe, siku baada ya siku kwa mpangilio wake, na utubu kwa kuzichelewesha. Siku nyingine osha sehemu iliyochafuka tu, au vaa kanga safi juu, uswali pembeni ya kitanda. Ukibanwa kweli, dripu inaisha na hakuna wa kumshika mtoto, kusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Sahaba Ibn Abbas amepokea kuwa Mtume alikusanya Madina pasipo hofu wala mvua, ili asiutie umma wake katika uzito, na katika madhehebu ya Imam Ahmad mama anayenyonyesha ameruhusiwa kukusanya. Mume akirudi, mwambie anunue chandarua chenye dawa.

Wallahu aalam.