Kabla ya kununua kadi, fungua kasha

Maswali ya wasomaji safari hii ni ya kadi za grafiksi, kile kipande kinachochora picha za gemu na video, na karibu yote yanazunguka mashine za aina moja: zile Dell na HP za ofisini zinazoshuka kwa makontena zikiwa zimeshatumika Uingereza au Dubai, kisha zinauzwa Kariakoo au mtaa wa Luthuli, Nairobi, kwa bei ya simu ya kawaida. Mwaka wa kwanza zinaandika barua na kuchapa risiti. Mwaka wa pili watoto wamezigundua, wanataka gemu. Maswali nimeyafupisha, maana yake sijaigusa.

Shikamoo fundi. Nina Dell OptiPlex 7010, lile kasha dogo linalolala, prosesa (ubongo wa mashine) Core i5 kizazi cha tatu, RAM (kumbukumbu ya muda) GB 8. Nataka kadi ya grafiksi nicheze gemu la GTA V. Dukani wameniambia kadi yoyote itakaa. Ni kweli? (Mbagala)

Marahaba. Wamekwambia nusu ya ukweli. Kadi yoyote itaingia kwenye tundu, ila kasha huenda lisifunge, na mashine huenda isiwake.

Kabla hujatoa hela, fungua kasha. Chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza swichi ya kuwashia sekunde chache umeme uliobaki utoke, halafu vuta kishikizo uinue mfuniko. Hiyo Dell haihitaji hata bisibisi.

Ndani tazama kwanza pawa saplai, lile boksi la bati linalogawa umeme, lenye stika pembeni. Kwenye 7010 ndogo stika inasema wati 240. Fuata nyaya zake moja moja mpaka mwisho: hutaona hata mmoja wenye pini sita za kulisha kadi. Maana yake kadi yako itakula umeme wa kwenye tundu peke yake, na tundu hilo mwisho wake ni wati 75. Halafu angalia kule nyuma kadi inapofungwa. Kadi ya kawaida ina kibati cha sentimita 12. Kasha lako linapokea cha sentimita 8. Ukifika dukani sema unataka kadi fupi, lo-profaili, na hakikisha kibati kifupi kimo ndani ya boksi, kwa sababu kwenye mitumba ndicho kinachopotea kuliko kitu kingine chochote. Mwisho chukua rula upime unene, maana kadi yenye feni kubwa hukalia nafasi ya kadi mbili.

Sasa piga hesabu. Prosesa kama i5-3470 imepangiwa wati 77. Kadi ya wati 75, ongeza diski, RAM na feni, unakaribia 200. Kwenye karatasi 240 inatosha. Lakini pawa saplai hiyo ni ya mwaka 2012 au 2013 na imevuta vumbi la ofisi za watu miaka yote hiyo. Mimi siweki kadi ya wati 75 kwenye kasha dogo kabla sijalipuliza lote na kuisikiliza feni yake. Ikikwaruza, tuibadilishe kwanza.

Kwa GTA V, tafuta GTX 1050 Ti fupi yenye GB 4, au GTX 1650 fupi kama mfuko unaruhusu. Tahadhari moja: GTX 1650 nyingi zimetengenezwa na tundu la pini sita ubavuni. Ukiliona, rudisha kadi kwenye boksi. Na gemu lenyewe chukua lile la zamani lililoingia kwenye kompyuta mwaka 2015. Waliolitengeneza walipendekeza kadi ya GTX 660, na 1050 Ti haishindwi kazi hiyo. Toleo lililoboreshwa la 2025 linataka mashine nyingine kabisa.

Niliweka kadi ya GT 1030 wiki iliyopita, gemu zinakwama vile vile. Nimeibiwa? (Morogoro)

Geuza kompyuta uangalie nyuma. Waya wa monita umechomekwa wapi? Nina uhakika wa asilimia tisini kwamba bado uko kule juu ulikokuwa, kwenye madabodi (bamba kuu la kompyuta), kadi mpya inakula umeme bure. Uhamishie chini kwenye kadi.

Kama ulishahamisha, basi huenda kweli umeuziwa ndugu yake mnyonge. GT 1030 ziko mbili zenye jina moja. Ya 2017 ina kumbukumbu ya GDDR5 inayopitisha GB 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikaja nyingine yenye DDR4, inapitisha kama GB 17. Jina lilelile, na boksi hutofautiana kwa herufi chache tu. Hii ya pili kwa gemu haina msaada mkubwa. Tazama maandishi madogo kwenye boksi, au pakua programu ya bure inaitwa GPU-Z usome mstari wa aina ya kumbukumbu.

Ndugu mwandishi, kuna GTX 1050 Ti ya GB 4 naiona mtandaoni kwa nusu ya bei ya wenzake. Nimeipenda kwa sababu ina tundu la VGA, na monita yangu ni ya zamani ina VGA tu. Niichukue? (Mombasa)

Kaka yangu, hilo tundu lililokuvutia ndilo linalonitia wasiwasi.

Chipu za kizazi cha GTX 1050 Ti hazitoi picha ya analogi, ile inayopita kwenye VGA. NVIDIA, kampuni inayozitengeneza, waliiondoa kuanzia kizazi hicho. Kwa hiyo kadi ya bei ya kutupa, inayojiita 1050 Ti na yenye tundu la bluu la pini 15, kwa kawaida ni kadi nyingine iliyovishwa kanzu: ndani kuna chipu ya GTS 450 au GTX 550 Ti, za 2010 na 2011, imeandikiwa programu ya uongo ili Windows isome jina jipya. Ukiwasha, jina linaonekana sawa na GB 4 zinaonekana sawa. Ukifungua gemu, mashine inazima au picha inapasuka vipande. Ukiweka draiva halisi kutoka NVIDIA, yaani programu ya kuendeshea kadi, inaikataa, kwa sababu chipu za zamani zile ziliachwa kutengenezewa draiva tangu 2018.

Mchezo huu ulienea hadi waliotengeneza GPU-Z wakaifundisha kuzitambua kadi hizo. Kadi ya bandia ikichomekwa, mbele ya jina lake linatokea neno FAKE kwenye mabano. Ukinunua mkononi mwa mtu, nenda na programu hiyo kwenye flashi, omba kadi iwashwe mbele yako. Muuzaji akianza kusema umeme umekatika, msalimie uondoke.

Monita yako usiitupe. Nunua adapta ya kugeuza HDMI kwenda VGA, lakini iwe ile yenye saketi ndani, siyo waya mtupu wenye vichwa viwili tofauti. Waya mtupu haugeuzi kitu.

Nimepata kadi ya RX 580 ya mtu aliyekuwa anachimba sarafu za kidijitali. Fundi wa mtaani anasema ataunganisha nyaya za diski kupata pini nane za kadi. OptiPlex yangu ni 9020 ya kusimama. (Arusha)

Usikubali.

Nakwambia kwa kuwa nimewahi kukubali. Nilikuwa bado najifunza, mteja ana haraka, na mimi nikachukua kile kiadapta cha kutoka waya wa diski ya SATA kwenda pini sita. Kadi iliwaka vizuri, gemu likafunguka, tukapongezana. Baada ya kama dakika ishirini nikasikia harufu ya plastiki, ile harufu tamutamu inayokaa puani. Kichwa cha waya kilikuwa kimelainika kama ubani wa kutafuna, pini ya njano imekuwa nyeusi. Bahati yangu nilikuwa nimekaa pale pale.

Sababu ni hesabu tu. Waya wa SATA una pini tatu za volti 12, kila moja imekadiriwa ampea 1.5. Jumla wati 54. Kadi yako inakula karibu 185, na pawa saplai ya wati 290 iliyomo ndani ya 9020 haikujengwa kwa mzigo huo.

Unayo njia ya kubadilisha pawa saplai nzima, ila 9020, 7020 na 3020 zina kituko chao: waya mkuu wa kwenda kwenye madabodi una pini 8 badala ya 24 zinazojulikana. Utahitaji kiunganishi cha 24 kwenda 8. Kwenye 7010 ya kusimama hakuna shida hiyo, ni pini 24 za kawaida. Na pawa saplai mpya usiisome wati tu. Inyanyue. Ile iliyoandikwa 500 lakini nyepesi kama boksi la viatu tupu haina hizo 500.

Kuhusu kadi yenyewe: uchimbaji wa Ethereum, sarafu ya kidijitali, kwa kadi ulikufa Septemba 2022, na kadi nyingi zikaingia sokoni kwa mkupuo. Kuchimba peke yake hakuui chipu. Feni ndizo huchoka. Izungushe kwa kidole uone kama inayumba.

Shikamoo. Mimi ni mwalimu mstaafu. Kompyuta yangu inachukua dakika tano kuwaka, YouTube inakatakata, Word inaganda. Mjukuu anasema ninunue kadi ya grafiksi. (Tanga)

Mwalimu, shikamoo nawe. Mjukuu anataka kadi kwa ajili yake mwenyewe, na simlaumu, hata mimi ningefanya hivyo.

Shida uliyoeleza haitoki kwenye picha, inatoka kwenye diski. Ondoa ile diski ya zamani inayozunguka (hard disk), weka SSD, diski isiyozunguka yenye kasi, ya SATA ya GB 240. Kama RAM ni GB 4, weka GB 8, na ziwe vipande viwili vya 4, kwa kuwa vikiwa viwili vinafanya kazi sambamba na hata ile grafiksi iliyomo ndani ya prosesa inapata nguvu. Dakika tano zitageuka nusu dakika hivi. Ni gharama ndogo kuliko kadi yoyote ya maana. Mwambie mjukuu abaki na bisibisi, kazi ya kufunga ni yake.

Kuna la kuangalia pia. Windows 10 iliachwa kupewa masasisho ya kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Kama kazi zako ni barua na YouTube, Linux Mint, mfumo wa bure wa kuwekwa badala ya Windows, itakutosha na haikuombi chochote.

Nahariri video za harusi kwenye i7-3770. Nimepewa chaguo la GT 1030, RX 6400 au 1050 Ti. (Dodoma)

Kwa kazi yako mbili za kwanza zina upungufu mmoja: hazina kile kisehemu cha chipu kinachosimba video wakati wa kutoa faili la mwisho. GT 1030 hawakuwekewa, RX 6400 nayo hivyo hivyo, ingawa ni ya 2022. Tena RX 6400 imefungwa njia nne tu za PCIe, yaani za lile tundu la kadi. Mashine yako ni ya PCIe 3.0 kwa hiyo itapungua kasi; mwenye prosesa ya kizazi cha pili, ambayo ni 2.0, asiiguse kabisa.

1050 Ti inasimba vizuri, basi chukua hiyo. Au GTX 1650, ambayo ina faida nyingine: NVIDIA walitangaza kwamba Oktoba 2025 ndio mwisho wa draiva za gemu kwa kizazi cha 1050 Ti, baada ya hapo ni masasisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. 1650 haimo kwenye orodha hiyo.

Mtu akikuletea Intel Arc A380 akisema ni ya wati 75 na inasimba hata video za aina mpya ya AV1, anasema kweli, lakini kadi hiyo inategemea Resizable BAR, uwezo wa prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa pamoja, na madabodi ya 2012 haina. Itakuaibisha mbele ya bwana harusi.

Nimechomeka kadi kwenye Dell yangu, feni yake inazunguka, monita nyeusi, kompyuta inalia. (Kigamboni)

Itoe. Zile pini za dhahabu zipanguse kwa kifutio cha penseli kisafi, puliza, rudisha mpaka usikie kishikizo cha tundu kinasema "kliki". Hakikisha umetumia tundu refu la bluu, siyo lile jeusi linalofanana nalo. Ikikataa, irudishe kompyuta kwenye grafiksi yake ya ndani na usasishe BIOS, ile programu ya kwanza inayoiwasha mashine, kutoka kwenye tovuti ya Dell, ndipo uijaribu tena kadi. Mashine hizi nyingi zimefika kwetu na BIOS ya siku zilipotoka kiwandani, na kadi iliyozaliwa miaka saba baadaye haifahamu. Wakati wa kusasisha ichomeke kwenye UPS (betri ya akiba), au angalau usifanye saa moja jioni, saa ambazo huko kwenu umeme una tabia zake.