Je, klaudi ya Cape Town itashusha bei ya mega Lubumbashi?

Hapana yaya, haitashuka. Amazon balifungua senta zao za data Cape Town mu 2020, njo ile klaudi, kompyuta za kukodisha kupitia enterneti, na mu 2023 bakasema batatia randi bilioni 30.4 ingine mpaka 2029, lakini mega za enterneti unalipaka kwa kampuni ya simu ya hapa, ile ni bizinesi ingine kabisa.

Benye batafurahi ni bale banatengenezaka aplikasyo, juu kama tovuti yako inakaa mu senta ya Amazon ya Virginia kule Amerika, kila mara mutu wa Katuba hapa Lubumbashi anabonyeza, data inavuka bahari kwenda na kurudi, njo ukurasa unazunguka tu. Cape Town iko karibu, inajibu mbio. Ila mu akaunti yako ya Amazon utakuta rejioni af-south-1, njo jina la Cape Town kwao, imefungwa, lazima uiwashe wewe mwenyewe, na bei yake inapita ya Virginia, kwa hiyo kama ni katiduka ka viatu tu bakia kule kule.

Eti kwa nini basijenge huku kwetu na shaba inatoka hapa? Serveri inataka kuran, ni kusema umeme, saa 24 yaya, na wewe unajua kartye yetu saa moja ya mangaribi.