Umemkuta Muuzaji na Injini Imeshapata Moto?

SWALI: Nataka kununua Toyota Premio ya 2008, injini 1NZ, cc 1500. Nilipofika ilikuwa imeshawashwa. Muuzaji anasema amebadilisha mkanda wa taimingi. Niangalie nini? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu, 1NZ haina mkanda wa taimingi (ule unaoongoza vali zifunguke kwa wakati), kazi hiyo inafanywa na mnyororo wa chuma. Muulize alibadilisha nini hasa, na risiti iko wapi.

Rudi alfajiri, umwambie asiiwashe kabla hujafika. Injini iliyopoa haifichi ugonjwa. Fungua rejeta (ikiwa ya moto usiiguse, itakuunguza): maji yenye kutu yanaonyesha kulenti (maji ya kupozea injini) imepuuzwa. Kisha washa injini huku mfuniko wa rejeta ukiwa wazi. Mapovu yasiyokoma mara nyingi ni dalili ya gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya kichwa cha injini na bloku) iliyoharibika. Mnyororo uliolegea hugonga mwanzoni tu, kisha hunyamaza, ndiyo maana wauzaji hutangulia kuwasha. Moshi wa buluu ni oili inayoungua.

Giaboksi ndiyo itakayokumaliza mfuko. Gari hilo lina CVT (giaboksi ya otomatiki inayotumia mkanda wa chuma badala ya gia za kawaida), na wengi huijazia ATF ya kawaida (oili ya giaboksi nyingine za otomatiki), mkanda wake wa chuma ukateleza na kulika. Endesha dakika 30, na ukapande mlima. Ikigutuka au kuvuma, liache.