Shilingi tano za kifungua mimba: kusoma wosia wa mkulima wa Massachusetts

Swali: Shikamoo mzee. Nimeolewa huku Marekani, na mama mkwe amenipa kazi ya kuandika historia ya ukoo wao. Amenikabidhi nakala ya wosia wa babu yao mmoja, mkulima wa Kaunti ya Essex, Massachusetts, ulioandikwa mwaka 1747. Mke kaachiwa "theluthi" na upande wa mashariki wa nyumba. Mabinti wawili wamepata pauni 60 kila mmoja, ng'ombe na kitanda. Mtoto wa kati, wa kiume, kapewa kipande cha msitu. Kitindamimba, naye wa kiume, kachukua shamba lote la nyumbani. Kifungua mimba kaachiwa shilingi tano, basi. Mama mkwe anaamini aligombana na baba yake akafukuzwa. Ni kweli? Na mbona husemwa kwamba zamani zile mtoto mkubwa ndiye aliyerithi kila kitu?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Mwambie mama mkwe asubiri kidogo kabla ya kuandika habari za ugomvi. Miaka mingi kazi yangu imekuwa kukagua hati za ardhi kwa ajili ya mawakili, na hizo shilingi tano nimekutana nazo mara nyingi hata zimenizoea. Mara nyingi nikirudi nyuma miaka kumi au ishirini katika vitabu vya masjala, namkuta huyo huyo "aliyenyimwa" amekwisha kupokea ekari zake, tena nzuri, akiwa kijana anayetaka kuoa. Wosia ulio nao mkononi ni ukoko. Wali wenyewe ulipakuliwa zamani.

Rudi kwenye nakala yako, usome kinachofuata jina lake. Kama kuna maneno yenye maana ya "pamoja na nilichokwisha kumpa" au "ambaye amepokea fungu lake", jibu unalo hapo hapo. Shilingi tano ziliwekwa ili asije mtu mahakamani akadai kwamba mzee alimsahau mwanawe. Kama maneno hayo hayapo, bado usikate shauri mpaka uende masjala, na njia ya kutafuta nitakueleza chini.

Sasa hilo la mkubwa kurithi kila kitu. Lilikuwa kweli mahali pengine, na lilihusu ardhi ya mtu aliyekufa bila wosia. Virginia walikuwa na sheria hiyo, wakaifuta kwa sheria ya mwaka 1785 iliyoanza kutumika 1787. New York waliiacha 1786. Massachusetts hawakuifuata. Tangu sheria zao za mwaka 1641, mtu akifa bila wosia watoto wote waligawana, ila mwana wa kwanza alipata mafungu mawili. Walilitoa katika Kumbukumbu la Torati 21:17, na hawakuliacha mpaka 1789. Kwa hiyo mwenye watoto watano, mali hukatwa mafungu sita, mkubwa akachukua mawili. Lakini mwenye wosia aliweza kupanga apendavyo, na mkulima mwenye ardhi alijua kwamba shamba likikatwa vipande sita halimlishi hata mmoja wao. Ndiyo maana walianza kugawa wakiwa hai, kila mtoto kwa zamu yake.

Hesabu ya zamu hiyo iko hivi. Kifungua mimba anapofika miaka 26 au 27 na kutaka kuoa, baba ana miaka 50 hivi, bado anashika jembe mwenyewe na hana haja ya kuondoka nyumbani. Anamkatia kijana kipande pembeni, au anamnunulia mahali pengine. Anakuja wa pili, naye vivyo hivyo, pengine ardhi ikiwa imepungua. Wa mwisho anapofika umri huo, mzee ana miaka 70, miguu imechoka, na aliyebaki naye jikoni ni huyo mdogo. Huyo ndiye anayeachiwa nyumba na shamba lake, pamoja na wazee wenyewe. Si upendeleo wa kitindamimba, ingawa sikatai kwamba upendeleo nao ulikuwepo.

Tena usimwonee gere. Angalia nani anatakiwa kuwalipa dada zake pauni 60 kila mmoja. Nina hakika wosia unamtaja yeye, na unampa muda, pengine mwaka mmoja kwa dada wa kwanza na miwili kwa wa pili. Mrithi wa shamba alianza maisha akiwa na deni la ndugu zake mezani, na wengine waliuza kipande cha urithi huo huo ili walipe.

Wababa hawa hawakuwa na haraka ya kuachia hati. Andover, mji ulio katika kaunti yenu hiyo hiyo, ulianzishwa 1646, na kizazi cha waanzilishi kilijulikana kwa jambo hilo: mwana anaoa, anajenga, analima na kuzaa juu ya ardhi aliyokatiwa na baba, lakini jina kwenye hati linabaki la baba mpaka siku ya mazishi. Mtu wa miaka 40 mwenye watoto wake mwenyewe hakuweza kuuza hata ekari moja ya shamba analolima. Hakukuwa na pensheni. Ardhi ndiyo iliyomhakikishia mzee kwamba kuni zitaletwa. Kufika wakati wa babu yenu mambo yalikuwa yamebadilika, kwa sababu ardhi ya kukata ilikuwa imekwisha: wababa walitoa hati mapema zaidi, au walimuuzia kijana, au walimpa fedha na ufundi akaenda kutafuta maisha New Hampshire, Maine au Connecticut.

Hata shule ilihesabiwa kuwa fungu. John Adams, aliyekuja kuwa rais wa pili, alikuwa mwana wa kwanza wa mkulima wa Braintree. Baba yake alimsomesha Harvard. Alipofariki 1761, nyumba ya familia na shamba lake vilikwenda kwa mdogo wake Peter. John alipata nyumba ya jirani na ardhi pungufu, maana fungu lake jingine alikwisha kulitumia darasani. Nyumba aliyozaliwa aliipata 1774, kwa kuinunua kutoka kwa Peter.

Turudi kwa mabinti, na hapa tahadhari na zile pauni. Mwaka 1747 fedha ya Massachusetts ilikuwa karatasi iliyoporomoka thamani. Koloni lilipoiondoa mwaka 1750, pauni saba na nusu za karatasi hiyo ya zamani zilihesabiwa kuwa pauni moja ya fedha halali, na dola moja ya fedha ya Kihispania ilikuwa shilingi 45 za karatasi au shilingi sita halali. Kama wosia wako unahesabu kwa karatasi, pauni 60 za binti ni pauni nane tu. Na shilingi tano za kaka mkubwa ni moja ya tisa ya dola! Usilinganishe wosia wa 1747 na wa 1755 kabla ya kufanya hesabu hiyo. Nimeona watu wakiandika kwamba ukoo ulifilisika ndani ya miaka mitano kumbe ni fedha tu iliyobadilishwa.

Kitanda nacho kisikuchekeshe. Neno lenyewe katika hati hizi lilimaanisha kwanza godoro, gunia kubwa la kitambaa kizito lililoshindiliwa manyoya ya bata bukini yaliyokusanywa kwa miaka, pamoja na mito mirefu, mablanketi, shuka za kitani na pengine mapazia ya kuzungushia. Katika orodha ya mali iliyoandikwa na majirani baada ya mazishi, kitanda kilichokamilika mara nyingi ndicho kitu cha bei kubwa kuliko vyote vya ndani ya nyumba, kikiwashinda hata ng'ombe. Binti alipewa vinavyosogea kwa sababu yeye mwenyewe alitarajiwa kusogea. Akishaolewa, fedha na vyombo hivyo vilikuwa vya mumewe kisheria, na kama alipewa ardhi, mume ndiye aliyeisimamia na kula mapato yake. Ndiyo sababu stakabadhi ya urithi wa binti huikuti kwa jina la baba yake. Imetiwa saini na mkwe.

Theluthi ya mjane usiichanganye na theluthi ya wosia tunayoijua katika mirathi ya Kiislamu. Hii ni haki ya mke kutumia theluthi moja ya ardhi ya marehemu maisha yake yote. Hawezi kuiuza wala kumrithisha mtu, na akifa inarudi kwa watoto. Mume aliweza kumpangia kitu kingine katika wosia, na mjane aliweza kukikataa akadai theluthi yake ya kisheria.

Naomba uusome mstari mmoja mmoja ule wa upande wa mashariki wa nyumba. Nyumba hizi zilijengwa kuzunguka dohani moja kubwa katikati, na tanuri la mkate lilikuwa limejengwa humo humo upande wa jikoni. Mjane akipewa vyumba vya mashariki, tanuri likawa kwa mke wa mwanawe. Basi wosia huandika: haki ya kutumia tanuri, haki ya kuteka maji kisimani, nafasi katika ghala la chini ya nyumba, na njia ya kupita kuyafikia hayo yote. Kuni ziletwe mlangoni zikiwa zimekatwa kwa urefu unaoingia mekoni. Mahindi busheli kadhaa kwa mwaka, nyama ya nguruwe kwa ratili, kitani cha kusokota, ng'ombe mmoja alishwe kiangazi na baridi, farasi wa kumpeleka kanisani. Na mara nyingi mwisho wake: "maadamu ni mjane wangu". Akiolewa tena, vyumba vimekwenda. Pale ambapo mahakama ya mirathi ndiyo iliyomgawia, wazee walioteuliwa walikuja na kamba wakapima mstari kupita katikati ya mlango wa mbele na katikati ya dohani. Ukisoma orodha ya namna hiyo unamwona mtu aliyelijua jiko lake vizuri, na aliyewajua mkewe na mkaza mwanawe vizuri zaidi.

Jambo moja uliangalie hata kama mama mkwe hatalipenda. Mwaka 1747 utumwa ulikuwa halali Massachusetts, na ulikoma huko kwa hukumu za mahakama kufikia 1783. Orodha ya mali ya mkulima wa kawaida inaweza kuwa na mtu, kaandikwa kwa jina moja baina ya farasi na viti. Kusini ndiko ilikuwa desturi kubwa. Virginia mwaka 1705 waliwaweka watumwa katika fungu la mali isiyohamishika kwa ajili ya mirathi, na mabinti waliokosa ardhi mara nyingi walipewa watu badala yake, mwanamke fulani "na uzao wake wa baadaye". Ukilikuta jina kama hilo katika karatasi za ukoo wenu, liandike. Pengine hapo ndipo mahali pekee lilipobaki.

Haya, masjala. Wosia na orodha ya mali viko kwenye kumbukumbu za mirathi za kaunti, hati za ardhi ziko kwenye vitabu vingine kabisa. Za Essex za wakati huo tafuta katika vitabu vya Salem. Kuna faharasa mbili, ya watoaji na ya wapokeaji. Anza na jina la baba kama mtoaji, kuanzia miaka inayozunguka ndoa ya kifungua mimba mpaka kifo cha mzee. Usiishie kwenye tarehe ya kusajiliwa, kwa sababu hati ya 1731 inaweza kuwa imekaa kwenye kasha ikasajiliwa 1750. Na kabla ya 1752 mwaka wao mpya ulianza Machi 25, kwa hiyo Februari 1731 yao ni 1732 yetu; waandishi waangalifu waliandika yote miwili.

Ukiipata hati, soma imetolewa kwa nini. Ikiwa ni "kwa mapenzi na upendo nilio nao kwa mwanangu", ni zawadi. Ikitaja pauni, alinunua, au alinunua nusu na kupewa nusu. Ikisema "ikiwa ni fungu lake lote katika mali yangu", kesi ya mama mkwe imekwisha. Kisha fungua ukurasa unaofuata. Mara nyingi kuna hati ya pili ya siku ile ile, mwana akijifunga kuwatunza wazazi kwa chakula, mavazi na kuni, na asipofanya hivyo shamba lirudi kwao.

Usipomkuta baba, mtafute kifungua mimba mwenyewe kama mtoaji. Siku alipouza kipande hicho ili ahame, mnunuzi alitaka kujua kimetoka wapi, na mwandishi wa hati aliandika.