Maswali na majibu: Jeonju si mji wa kupita

Barua za wanaopanga safari ya kikundi kwenda Korea Kusini zimekuwa nyingi. Zile zinazohusu Jeonju, mji mkuu wa mkoa wa Jeonbuk kusini-magharibi mwa nchi, ndizo zenye makosa yanayogharimu zaidi, kwa hiyo leo najibu hizo tu. Walioulizia bei za simu na vipodozi vya Seoul watuwie radhi.

Tuko watu 18 na tutakaa Seoul siku 6. Tunataka kwenda Jeonju asubuhi na kurudi jioni. Tupange vipi siku hiyo? (Mratibu wa kikundi, Dar es Salaam)

Msiipange. Ifuteni, mlale Jeonju usiku 2 na mzipunguze siku za Seoul.

Hesabu yake ni hii. KTX, treni ya kasi, kutoka stesheni ya Yongsan mjini Seoul inachukua kati ya saa moja na nusu na saa mbili, nauli kama won 34,000 kwa mtu mmoja, kwenda tu. Mkishuka, Jeonju haina treni ya chini ya ardhi, na Hanok Maeul, mtaa wa nyumba za jadi ambao ndio mnaufuata, uko mbali na stesheni. Teksi moja huchukua abiria 4, kwa hiyo mnahitaji teksi 5, na kabla wa mwisho hajafika wa kwanza wameshatawanyika kwenye vibanda vya vitafunwa. Mnaanza kutembea saa 5 asubuhi, wakati uleule mabasi ya watalii yanapomimina watu barabara ya Taejo-ro. Migahawa mingi hufunga jikoni kati ya saa 9 na saa 11 alasiri. Jioni mko tena stesheni. Mmeona mapaa, mmepiga picha, mmekula mishikaki, na mtarudi nyumbani kusema Jeonju ni ya kawaida tu. Vikundi vingi vinasema hivyo, na sababu ni saa walizokuwa pale.

Uzuri wa mji ule uko kabla ya saa 3 asubuhi na baada ya saa 12 jioni. Fikeni Alhamisi mchana, ondokeni Jumamosi asubuhi. Mtapata soko la usiku la Nambu, ambalo huwa Ijumaa na Jumamosi, na mtawahi kuondoka kabla umati wa wikendi haujaingia. Ijumaa saa 1 asubuhi pandeni Omokdae, kilima kidogo pembeni mwa mtaa. Hapo Yi Seong-gye, aliyekuja kuwa mfalme Taejo, alisherehekea ushindi wake dhidi ya maharamia wa Kijapani mwaka 1380. Chini yenu mtaona mapaa ya vigae vyeusi ya nyumba zaidi ya 700, moshi wa jikoni, na vichochoro vitupu. Mwongoza watalii akiwaambia nyumba hizo zina umri wa miaka 600, msikubali: nyingi zilijengwa kuanzia miaka ya 1930. Kuta za mji zilikuwa zimebomolewa na wafanyabiashara wa Kijapani wakawa wanaingia ndani ya mji, nao Wakorea wakajibu kwa kujenga nyumba za kwao, bega kwa bega, hapo hapo. Ukilijua hilo, mtaa unauangalia kwa heshima nyingine.

Kuna pia basi la moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege wa Incheon hadi Jeonju, karibu saa 4. Kikundi kinaweza kuanza na Jeonju kisha kwenda Seoul, na wakubwa wakapumzikia mahali palipotulia baada ya safari ndefu ya ndege.

Jambo moja zaidi, maana linawaachisha watu treni: tiketi za Korea zimeandikwa kwa mfumo wa saa 24. 07:10 ni saa 1 na dakika 10 asubuhi kwetu. Mratibu aandike saa zote mbili kwenye ratiba anayogawa.

Viza inahitajika? (Wengi)

Ndiyo, kwa pasi ya Tanzania, Kenya na Uganda, na huombwa kabla ya kusafiri. Jambo hili limeshajibiwa hapa mara nyingi. Msilipie tiketi zisizorudishwa fedha kabla viza hazijatoka, na msimpe pasi zenu wakala anayeahidi kwamba viza ni "uhakika". Anayeamua ni ubalozi.

Katika kikundi chetu wenzetu 7 ni Waislamu na 2 hawali nyama kabisa. Bibimbap si ni wali na mboga tu? (Mwalimu, Mombasa)

Hapana, mwalimu, na ni vizuri umeuliza mapema. Bibimbap ya Jeonju kwa desturi wali wake hupikwa kwa supu ya mifupa ya ng'ombe. Juu yake huwekwa machipukizi ya soya, mboga za aina nyingi, vipande vya jeli ya choroko iliyotiwa rangi ya manjano, kiini cha yai, mafuta ya ufuta, pilipili ya kusaga iliyochachushwa iitwayo gochujang, na mara nyingi nyama mbichi ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba. Nyama hiyo mbichi ni fahari ya mji. Asiyeitaka aseme kabla ya kuagiza, kwa sababu huja imeshapangwa kwenye bakuli.

Kwa asiyekula nyama, kuondoa vipande vya juu hakutoshi. Uliza kuhusu wali. Kimchi, mboga zilizochachushwa, nayo kwa kawaida ina dagaa au kamba waliochachushwa, na supu nyingi zinazoonekana za mboga zimeanza na dagaa wakavu.

Kwa Waislamu, tatizo haliishii kwenye nguruwe. Nyama ya ng'ombe katika migahawa ya kawaida haikuchinjwa kihalali, na wali uliopikwa kwa supu yake uko katika hukumu hiyohiyo. Kila mmoja aamue kabla ya safari anafuata msimamo gani: samaki na mboga tu, au vipi. Kubishana hilo mezani mbele ya mhudumu aliyesimama na sinia ni kuwaaibisha watu. Soko la Nambu linasifika kwa soseji ya damu ya nguruwe na supu yake, kwa hiyo msiingie kibanda kwa kufuata harufu. Kinywaji cha moto kiitwacho moju, ambacho watalii huambiwa ni "kama chai", hutokana na pombe ya mchele, makgeolli, iliyochemshwa na mdalasini, tangawizi na tende za Kichina. Kileo chake ni kidogo lakini kipo. Msikiti upo: Abu Bakr Al-Siddiq, upande wa Deokjin-gu. Pangeni Ijumaa yenu kwa kuuzingatia.

Hifadhini maandishi haya kwenye simu na myaonyeshe: 돼지고기 안 먹어요, yaani sili nguruwe. Na mratibu akusanye orodha ya vyakula wasivyokula watu wake wiki kadhaa kabla, aitume kwa mgahawa. Mgahawa wa Kikorea unaojua mapema hujitahidi sana. Ukishtukizwa na watu 18 wenye masharti 6 tofauti saa 7 mchana, hauna la kufanya.

Tumeambiwa tule supu ya machipukizi ya soya asubuhi. Wanaleta yai kwenye kikombe pembeni. Linatiwa wapi? (Nairobi)

Swali zuri, na wageni wengi hulimwaga lote ndani ya supu, wakaiharibu. Supu hiyo ni kongnamul gukbap: wali tayari umo ndani ya mchuzi, machipukizi juu. Kwa mtindo wa soko la Nambu, yai huletwa kando, halijaiva sawasawa, kwenye kibakuli cha chuma. Chota vijiko viwili au vitatu vya mchuzi wa moto, mimina juu ya yai. Chukua karatasi za mwani mkavu zilizo mezani, zivunje kwa vidole humo, koroga kidogo, kisha ule yai hilo kwanza. Linatuliza tumbo kabla ya pilipili. Ndipo uende kwenye supu. Onja mchuzi kabla ya kuongeza kamba wadogo wa chumvi waliowekwa pembeni. Nusu kijiko inatosha, kwani ni wakali wa chumvi. Mchuzi kwa kawaida ni wa dagaa na samaki wakavu, wakati mwingine na ngisi, kwa hiyo wenye mzio waulize.

Ukimaliza vitoweo vidogo vya pembeni, utaongezewa bure. Omba unachoweza kumaliza. Kuacha mabakuli yamejaa ni dharau kwa mpishi.

Bakshishi asilimia ngapi?

Hakuna. Msiache fedha mezani.

Tulale kwenye hanok? Tuna mama zetu wawili wenye umri zaidi ya miaka 70. (Arusha)

Laleni, ila mama wenye magoti mabovu wawekewe chumba chenye kitanda. Nyumba kadhaa wanavyo, lazima kuomba wakati wa kuweka nafasi. Katika hanok ya kawaida godoro jembamba hutandikwa sakafuni, na sakafu ndiyo inayopashwa joto kutoka chini. Kuinuka kutoka pale saa 10 usiku kwenda chooni si jambo dogo kwa mtu mzima. Usiache dawa, chokoleti wala simu sakafuni wakati wa baridi, zitaharibika kwa joto. Milango ni fremu za mbao zilizobandikwa karatasi: kidole kimoja kinatoboa, na utalipa. Usikanyage kizingiti, kivuke, na uiname, kwa sababu milango ni mifupi. Viatu vinabaki nje.

Na jambo linalonisumbua kuliko yote katika barua zenu: sauti. Kati ya chumba na chumba kuna mbao na karatasi, na nyuma ya ukuta wa ua kuna familia inayoishi pale mwaka mzima. Ibada za usiku zenye mapambio, simu za video kwa spika, vicheko uani saa 5 usiku, hapana. Kikundi kikitaka kuimba, kiende bustanini mchana.

Sisi ni wanakwaya Wakatoliki. Tumesikia kuna kanisa la kale. (Moshi)

Kanisa la Jeondong, lililojengwa kati ya 1908 na 1914. Lakini msiende kwa ajili ya matofali yake mekundu tu. Karibu na hapo, nje ya lango la Pungnammun, mwaka 1791 Paulo Yun Ji-chung na binamu yake Yakobo Kwon Sang-yeon walikatwa vichwa kwa sababu walikataa ibada za mizimu ya mababu na kuchoma vibao vyake, jambo lililokuwa kosa kubwa katika ufalme wa Joseon. Papa Fransisko alimtangaza Yun na wenzake 123 kuwa wenye heri huko Seoul tarehe 16 Agosti 2014. Mawe ya ukuta wa mji uliobomolewa yaliingia kwenye msingi wa kanisa. Angalieni saa za misa, mwingie kusali, msiingie na vijiti vya kupigia picha.

Kisha vukeni barabara muone Gyeonggijeon, iliyojengwa mwaka 1410 kuhifadhi picha ya mfalme Taejo. Wengi hupiga picha kwenye mianzi wakatoka. Ndani ya ua huohuo kuna ghala la kumbukumbu za wafalme, ambalo limejengwa upya. Wajapani walipovamia mwaka 1592, nakala nyingine za kumbukumbu hizo ziliteketea. Ya Jeonju ilipona kwa sababu wasomi wawili, An Ui na Son Hong-rok, waliihamishia mlima Naejang. Bila wao historia ya karibu miaka 200 ingepotea. Simameni hapo dakika 10.

Pansori ni kuimba kwa lugha tusiyoijua. Si tutalala? (Tanga)

Nyinyi wa Tanga ndio mtakaoielewa upesi. Ni hadithi inayoimbwa na mwimbaji mmoja mwenye upepeo wa mkononi, pamoja na mpiga ngoma mmoja, basi. Sauti imekwaruzwa kwa miaka ya mazoezi, na hadhira inatakiwa kujibu kama kwenye taarabu, ila hapa hutunzi fedha: unatia neno. "Eolssigu!" au "Jotta!" mwishoni mwa mstari, mpiga ngoma anapoanza. Msikilizeni yeye kwanza, mtajua wakati. Zimebaki hadithi 5 zinazoimbwa kwa ukamilifu, na ile ya Chunhyang inaweza kufika saa 8 nzima, kwa hiyo tafuteni onyesho la vipande, la saa moja hivi. Someni hadithi kabla ya kwenda. Asiyesoma ndiye atakayelala.

Tununue zawadi gani? (Kampala)

Badala ya sumaku za friji, tengenezeni wenyewe, kwenye karakana, hanji, yaani karatasi ya jadi ya Kikorea. Magome ya mforosadi wa karatasi hupikwa kwa maji ya majivu, huoshwa, hupondwa, kisha huchanganywa na ute wa mzizi wa mmea wa jamaa ya bamia. Ute ndio unaozuia nyuzi zisizame na kushikana mabonge. Mkono ukitetemeka wakati wa kuchota mchanganyiko huo kwa chekeche, karatasi inatoka nene upande mmoja. Wekeni nafasi mapema, watu 6 hadi 8 kwa zamu, na muache muda wa kukausha.

Ramani ya simu inatupoteza.

Pakueni Naver Map au KakaoMap kabla ya kuondoka. Na adapta: soketi zao ni za pini mbili za duara, plagi zetu za pini tatu haziingii.

Tumeshachagua wiki ya Chuseok ili tuone utamaduni halisi. (Dodoma)

Chuseok, sikukuu ya mavuno, ni wakati Wakorea wanarudi kwao. Tiketi za treni huisha mara zinapofunguliwa, barabara hujaa, migahawa ya familia hufungwa, na utamaduni mnaoutafuta uko ndani ya nyumba ambazo hamkualikwa. Sogezeni safari hadi wiki mbili baadaye.