Re: Mama kavunjika mguu, na figo aliyopandikizwa iko poa
Pole sana dada, mama naye mpe pole. Umeuliza inakuwaje figo mpya inachapa kazi halafu kifundo cha mguu kivunjike kwa kujikwaa tu kizingitini. Mara nyingi mifupa ilishachoka tangu enzi za dayalisisi (kusafishwa damu figo zilipofeli), homoni ya parathiroidi (inatoka kwenye vitezi vya shingoni) inakuwa juu inanyonya kalsiamu ya mfupa, ukiongeza na prednisolone, ile dawa ya steroidi ya kuzuia mwili usiikatae figo, ndo kabisa, mwaka wa kwanza ndo mfupa unapungua kwa kasi. Ila tafadhali asiache dawa kivyake, mwili unaweza kuikataa figo! Muulizeni daktari wa figo kuhusu kipimo cha DEXA (eksirei ya kuona mfupa umepungua kiasi gani), na damu waangalie kalsiamu, vitamini D na PTH (ndo hiyo homoni ya parathiroidi). Vidonge vya kalsiamu msijinunulie kabla ya hayo majibu.